Maswali ya Wasomaji: Binti Yetu Tumwite Nani?

Barua zilizotufikia safari hii zimegusana kiasi kwamba nimeona nizijibu pamoja. Zote zimeandikwa na wazazi, au wazazi watarajiwa, wanaotaka kumpa mtoto wa kike jina lisilozoeleka, na zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, kama kwa kufanya hivyo wanamtendea mtoto wema au wanamtwisha mzigo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba karibu kila kitu ambacho wengine wamekiuliza nusunusu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mimba ya miezi saba na tumeshaambiwa kwamba mtoto ni wa kike. Mimi mwenyewe nina jina ambalo darasani tulikuwa nalo wanne. Mwalimu alitutofautisha kwa kutuita mkubwa, mdogo na mrefu, na mimi, kwa kuwa niliketi dawati la mwisho, nikawa "wa nyuma", na hilo la "wa nyuma" lilinifuata hadi nilipomaliza shule. Sitaki binti yangu apitie hayo. Nimependa aitwe Umande. Mume wangu anakubali kwamba jina liwe la pekee, lakini yeye anapenda Zuhura, na kwa kuwa akina Zuhura ni wengi, anataka liandikwe Xuhurah ili lisifanane na la mtu mwingine. Mama mkwe ameyasikia yote mawili na kusema kwamba mtoto apewe "jina la watu". Je, kuna ubaya kumpa mtoto jina ambalo watu hawajalizoea? Na kati yangu na mume wangu, nani ana hoja nzuri zaidi? (Mama Mtarajiwa)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na ninakuombea ujifungue salama. Hakuna ubaya katika jina kuwa nadra. Zawadi, Subira, Lulu na Johari yalikuwa maneno ya kila siku kabla hajatokea mzazi wa kwanza aliyethubutu kumwita mwanawe hivyo, na leo hakuna anayeinua kichwa akiyasikia. Watafiti wa saikolojia wakiongozwa na Simon Laham walichapisha mwaka 2012 matokeo yanayoonyesha kwamba watu huwaelekea vyema zaidi wenye majina yanayotamkika kwa urahisi, na kwamba jambo hilo halikutokana na urefu wa jina wala unadra wake. Ninaitilia mkazo tofauti hiyo kwa sababu wazazi wengi huichanganya: jina linaweza kuwa halijawahi kusikika mtaani na bado likaingia ulimini mwa kila mtu mara moja, na jina linalojulikana na wote linaweza kuandikwa kwa namna inayomchosha kila anayelisoma.

Kwa hiyo nitakujibu waziwazi: wewe ndiye mwenye hoja nzuri zaidi. Upekee wa Umande umo katika jina lenyewe, ilhali upekee wa Xuhurah umo katika herufi tu, na herufi hazisikiki. Mwalimu akisema "Zuhura, simama", na darasani yupo Zuhura mwingine, watasimama wawili. Yaani shida ile uliyoipata wewe, ya kugawana jina na wenzako, haitaondoka hata kidogo, na juu yake itaongezeka shida nyingine ambayo wewe hukuwahi kuwa nayo. Mfikirie binti huyo akiwa na miaka kumi na saba, amesimama mbele ya karani anayejaza fomu. Anaulizwa jina, anasema Zuhura, na karani, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, anaandika kwa z. Binti anasema, "Samahani, ni kwa x." Karani anafuta, anaandika tena. "Na kuna h mwishoni." Anafuta tena. Hilo litatokea shuleni, hospitalini, benki na kazini, maisha yake yote, na siku moja atachoka kusahihisha au hatakuwepo kusahihisha, na cheti kimoja kitatoka na Zuhura wakati cheti cha kuzaliwa kinasema Xuhurah. Wanaoishi na tofauti ya herufi moja kati ya vyeti viwili wanajua inavyogharimu muda na viapo kuthibitisha kwamba mtu huyo ni mmoja.

Niongeze hapo jambo ambalo wazazi wachache hulifikiria. Pasipoti zote zinazofuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, zina mistari miwili chini ya ukurasa wa picha inayosomwa na mashine, na mistari hiyo haijui herufi nyingine isipokuwa A hadi Z. Alama ya ritifaa huondolewa, alama za juu ya herufi hupotea au kugeuzwa kuwa herufi nyingine, na majina yote ya msafiri pamoja na nafasi za kuyatenganisha hupewa nafasi 39 tu. Xuhurah angepita hapo salama, lakini wapo wanaoandika kwa mtindo wa Zu'hura au kuunganisha majina manne kuwa moja, na hao wajue kwamba kile walichokihangaikia hakitaonekana pale kinapohitajika.

Mume wako anampenda mtoto huyu na anataka awe wa pekee. Mwambie kwamba unaliona hilo. Kama moyo wake uko kwenye Zuhura, basi aitwe Zuhura kwa z na bila nyongeza, maana ni jina zuri la sayari inayong'ara alfajiri na jioni, na lina heshima yake bila kupambwa.

Sasa nirudi kwenye Umande, kwa sababu kulipendelea hakunizuii kulichunguza. Lina silabi tatu, linaandikwa kama linavyotamkwa, halina herufi ya kumtega mgeni, na picha linayoileta ni safi. Hata hivyo lina mambo mawili ambayo ni afadhali uyajue kabla binti yako hajayajua. La kwanza ni msemo wa kukimbia umande, tunaoutumia kwa mtu aliyeacha shule. Uwe na hakika kwamba ipo siku mtoto mmoja atasema, mbele ya darasa zima, kwamba yeye amemkimbia Umande, na wote watacheka. La pili ni ufupisho. Watoto hawawezi kuliacha jina lenye silabi tatu likae hivyo, na ufupisho wa haraka wa Umande ni Uma, ambao ni kitu cha mezani na pia ni amri ya kung'ata. Je, haya yanatosha kulikataa jina? Kwa maoni yangu hayatoshi. Utani wa kwanza hauna sumu, kwa kuwa haumtukani mtoto wala maumbile yake, na binti mchangamfu anaweza kuujibu kwa neno moja. Ule wa pili unazuilika mkianza nyumbani, tangu siku za kwanza, kumwita Mande, kwa sababu lakabu iliyozoeleka mapema huwa haiachi nafasi ya nyingine. Jina ambalo ningekushauri uliache ni lile ambalo utani wake unagusa mwili, tabia ya aibu, au balaa iliyoikumba familia. Watu wanaoitwa Shida, Mashaka na Tabu wapo, na wengi wao wamelibeba jina hilo kwa heshima kubwa, lakini sioni sababu ya mtoto kuhesabiwa tangu siku ya kwanza machungu ambayo hakuyasababisha.

Kabla hamjaamua, fanyeni jaribio dogo ambalo halihitaji chochote isipokuwa sauti zenu. Liiteni jina hilo kwa sauti kubwa kama mnayemwita mtoto aliye mbali, kisha kwa ukali kama mnamkanya, kisha polepole kama mnambembeleza alale. Litamkeni pamoja na jina la baba, maana majina mawili mazuri yanaweza kugongana yakikaa bega kwa bega, hasa pale la kwanza linapoishia na silabi ileile inayoanza la pili. Ziandikeni herufi za mwanzo za majina yake yote na mwone kama hazitengenezi neno la kuchekesha. Kisha semeni "Daktari Umande", "Mheshimiwa Umande", "Bibi Umande". Jambo hili la mwisho husahauliwa sana: mtoto mchanga atakuwa mchanga kwa muda mfupi, na jina linalopendeza kwa mtu wa kubebwa tu, kama vile Kababy au Kidoti, humbana mwanamke wa miaka hamsini. Mpeni pia mtu asiyelijua jina hilo alisome kwenye karatasi bila kusaidiwa. Akilisoma sawasawa mara ya kwanza, mmefaulu sehemu kubwa ya safari.

Nikuonye pia kwamba unadra hauna dhamana. Nchini Marekani jina Madison halikuwa la wasichana mpaka mwaka 1984, ilipotoka filamu ya Splash, ambamo nguva aliyefika New York anajichagulia jina hilo kutoka kwenye kibao cha mtaa. Miaka 17 baadaye, mwaka 2001, lilikuwa la pili katika orodha ya majina yaliyopewa watoto wa kike nchini humo. Bila shaka wengi wa wazazi waliolichagua mapema waliamini kwamba wamepata kitu ambacho wengine hawana. Mambo huweza pia kugeuka upande mwingine. Waliowaita binti zao Alexa hawakuweza kujua kwamba mwaka 2014 Amazon ingeleta sokoni kifaa kinachoitikia jina hilohilo, na kwamba watoto wao wangeanza kutaniwa kwa kupewa amri za kuwasha taa na kupiga muziki. Ninakutajia haya ili ulichague Umande kwa sababu unalipenda na lina maana kwako, kiasi kwamba hata wakitokea akina Umande watatu darasani, bado utafurahi kuwa ulilichagua.

Kuhusu mama mkwe, usimwone kama kikwazo. Nyuma ya maneno "jina la watu" kuna hofu ya kweli kwamba mjukuu wake atachekwa, na hofu hiyo inatokana na upendo. Mwulize angependa jina gani, umsikilize mpaka mwisho, kisha mfikirie kulifanya la pili kwenye cheti cha kuzaliwa. Huko si kumpoza kwa hila. Mtoto mwenye jina moja nadra na jina moja lililozoeleka ana akiba: akikua na kuona kwamba la kwanza linamwelemea, la pili lipo tayari na liko kisheria. Ila jambo moja mlikubaliane ninyi wawili, kwamba uamuzi wa mwisho ni wenu, na kwamba mkishaamua hamtalitangaza kwa kila mtu kabla mtoto hajazaliwa. Watu huwa wepesi kulikosoa jina ambalo bado ni wazo, na wazito kulikosoa wakishamwona aliyelibeba.

SWALI: Salaam. Mimi na mwenzangu tunataka kumwita binti yetu jina la manukato ambayo tumeyapenda tangu tulipokutana. Rafiki ametuambia kwamba zipo nchi ambazo serikali hukataa majina. Je, ni kweli, na mtu mwingine ana haki gani ya kuingilia? (Baba wa Kwanza)

JIBU: Ni kweli, na taratibu zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Iceland ina kamati rasmi ya majina tangu mwaka 1991, na jina ambalo halimo katika orodha iliyokubaliwa lazima lipite mbele yake, ambako huangaliwa kama linafuata sarufi na maandishi ya lugha yao na kama halitamletea mtoto aibu. Msichana mmoja huko alikataliwa jina la Blær, lenye maana ya upepo mwanana, kwa hoja kwamba neno hilo ni la kiume katika sarufi yao. Kwa miaka kumi na mitano nyaraka za serikali zilimtaja kwa neno "msichana" tu, mpaka mahakama ilipompa haki yake mwaka 2013. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilisikitika, kwa kuwa jina lilikuwa zuri na aliyeumia ni mtoto. Mwaka 2019 nchi hiyo iliondoa sharti la kwamba jina la kike na la kiume lazima yatengane.

Lakini ipo mifano inayonifanya niheshimu uangalizi huo. Huko New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka msichana wa miaka tisa chini ya ulezi wa mahakama ili jina lake libadilishwe. Wazazi walikuwa wamempa sentensi nzima kuhusu kucheza ngoma ya hula ya Hawaii, na mtoto huyo alikuwa akiwaficha rafiki zake, akiwaambia wamwite K. Fikirini mtoto aliyejipunguza mwenyewe hadi kuwa herufi moja kwa sababu ya kile walichokiona wazazi wake kuwa cha kuchangamsha.

Mfano ulio karibu zaidi na barua yako unatoka Ufaransa. Tangu mwaka 1993 wazazi wa huko wana uhuru wa kuchagua, ila msajili akiona jina linapingana na maslahi ya mtoto humwarifu mwendesha mashtaka, na mahakama inaweza kulifuta. Mwaka 2014 mahakama iliwakatalia wazazi waliotaka kumwita binti yao Nutella, kwa maelezo kwamba jina la bidhaa hiyo lingemletea dhihaka, na mtoto akaitwa Ella.

Umeuliza mtu mwingine ana haki gani. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, inasema mtoto ana haki ya kuandikishwa mara baada ya kuzaliwa na haki ya kuwa na jina. Haki hiyo imeandikwa kuwa ya mtoto, na wazazi tunaitekeleza kwa niaba yake. Basi nendeni ofisi ya usajili wa vizazi kabla ya kujifungua, muulize kama jina hilo linakubalika na linaandikwaje. Mkiniuliza mimi, manukato ni kumbukumbu yenu ninyi wawili, na kampuni inaweza kesho kulibandika jina hilohilo kwenye sabuni ya choo. Afadhali mtafute lile ua ambalo manukato hayo yametengenezwa nalo. Asumini, Waridi na Rehani ni majina yanayopendeza, si ya kila nyumba, na hayana mwenye hakimiliki.

SWALI: Shangazi, tunataka kuunganisha majina ya bibi zake wawili tupate jina moja jipya. Wengine wanatuambia majina ya kutungwa hayana uzito. (Wazazi Wawili)

JIBU: Uzito wa jina huletwa na anayelibeba. Vanessa lilitungwa na mwandishi Jonathan Swift, aliyechukua mwanzo wa jina la ukoo la mwanamke aliyemfahamu na kuuambatanisha na kifupi cha jina lake la kwanza, Esther. Shairi lenye jina hilo lilichapishwa mwaka 1726, na leo nani hudhani kwamba Vanessa halina asili?

Siri iko katika mshono. Tuseme bibi mmoja ni Salma na mwingine ni Amina. Salmina linateleza mdomoni kwa sababu majina hayo mawili yanakutana kwenye m na silabi zote zinabaki za kawaida. Lakini mkichukua Jenifa na Hafsa mkapata Jenhafsa, msomaji atakwama katikati, na bibi hao wawili watakuwa wamekutanishwa pasipo na maelewano. Msipopata mshono unaopendeza, msilazimishe. Mpeni majina yote mawili yakiwa mazima. Mkiupata, lipelekeni kwa mtu anayejua lugha nyingine mnazokutana nazo, awahakikishie kwamba halina maana mbaya huko.

SWALI: Kuna mhusika wa tamthilia inayoendelea sasa ambaye jina lake ni la ajabu na zuri. Nimpe binti yangu, au nisubiri? (Mpenzi wa Tamthilia)

JIBU: Subiri iishe. Mamia ya wasichana nchini Marekani waliitwa Khaleesi kila mwaka wakati tamthilia ya Game of Thrones ilipokuwa ikivuma, kwa heshima ya malkia aliyewakomboa watumwa. Mwaka 2019 ilipofika mwisho, malkia huyo aliuteketeza mji mzima pamoja na watu wake. Isitoshe, Khaleesi kilikuwa cheo chake, kwani jina lake ni Daenerys. Kama utalipenda jina hata baada ya kuujua mwisho wa mhusika, lichukue bila wasiwasi.

SWALI: Binti yetu ana miaka miwili. Jina lake ni nadra, na kila tunakokwenda watu hulikosea. Nimeanza kujuta. Je, tulibadilishe angali mdogo? (Mama Mwenye Shaka)

JIBU: Mama, pole kwa wasiwasi huo, maana najua unavyouma ukimjia mtu kuhusu jambo alilolifanya kwa mapenzi. Ila mtoto wako si mdogo kiasi unachodhani katika suala hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto wachanga huanza kuitambua sauti ya jina lao wakiwa na miezi minne na nusu. Binti yako amelisikia jina lake kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu akijua kwamba ni yeye anayeitwa. Kama kosa la watu ni la matamshi tu, na jina halina maana ya kumdhalilisha, ningekushauri uliache.

Badala yake angalia namna unavyolitaja wewe. Wazazi wengi wa watoto wenye majina nadra hulitaja wakiwa tayari wanaomba radhi: "Anaitwa hivi, sijui kama utaliweza." Mtoto anasikia, na anajifunza kwamba jina lake ni usumbufu kwa watu. Litaje mara moja, polepole, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Mtu akilikosea, mrekebishe kwa kulirudia tu bila maelezo, na akikosea tena, lirudie tena. Mwandikie mwalimu wake wa kwanza namna linavyotamkwa kabla siku ya kwanza ya shule haijafika, ili orodha inapoitwa asikosewe mbele ya wenzake. Na ikiwa akiwa na miaka saba au minane atakuambia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwamba hataki kuitwa hivyo, mkae naye mumsikilize kwa dhati. Hapo mnaweza kuanza kutumia jina lake la pili kama analo, na kama hana, mwulize yeye angependa lipi kabla hamjaenda ofisi ya usajili kuulizia taratibu za kuliongeza.